Kwa Nini Nicodemus, Kansas, Una Watu 14

Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 iliwakuta watu 14 Nicodemus, mji mdogo ulio kando ya barabara kuu namba 24, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas. Miaka 70 kabla ya hapo, mwaka 1950, wakazi wake walikuwa 16. Ukiziweka tarakimu hizo mbili pamoja unaona jambo la kushangaza: mji ambao kila mara husemwa kuwa unakufa umepungukiwa na watu wawili tu katika vizazi vitatu.

Hata hivyo, mwezi Septemba 1877 watu wapatao 300 waliwasili hapa kwa mkupuo mmoja, na miaka kumi baadaye mji ulikuwa na hoteli, benki, makanisa, magazeti mawili na timu ya besiboli. Walikwenda wapi? Jibu la kawaida ni fupi: reli ilijengwa ikaupita mji kando, biashara zikahama, basi. Nimelikuta jibu hilo mara nyingi, na si la uongo. Lakini linaeleza nusu ya mambo, na nusu liliyoiacha ndiyo inayotuonyesha hasa miji midogo ya Magharibi ya Kati ya Marekani imepitia nini.

Tuanze na waliokuja. Nicodemus ulianzishwa na Wamarekani Weusi waliokuwa watumwa miaka kumi na kitu tu kabla. Wengi wao walitoka Kentucky, maeneo ya Lexington na Georgetown. Kentucky haikujitenga na Muungano wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, lakini ilikuwa jimbo la watumwa, na baada ya vita vikundi vya Wazungu vilipita usiku kuwachapa na kuwaua Weusi waliothubutu kudai haki zao. Kusini zaidi hali ilikuwa ikiharibika pia. Mwaka 1877 Rais Rutherford Hayes aliwaondoa wanajeshi wa mwisho wa serikali kuu waliokuwa wakizilinda serikali za majimbo zilizotegemea kura za Weusi, na waliokuwa mabwana wakarudi madarakani. Mtu aliyekuwa huru kwenye karatasi alijikuta analima shamba la mwingine kwa kugawana mavuno, na deni la dukani halimwishi.

Kwa mtu wa namna hiyo, neno Kansas lilikuwa na uzito wake. Jimbo hilo lilikuwa limemwaga damu miaka ya 1850 likikataa utumwa usiingie kwenye ardhi yake. Tena kulikuwa na sheria ya mwaka 1862 iliyomruhusu raia yeyote, Mzungu au Mweusi, mwanamume au mwanamke asiye na mume, kuchukua ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo, akae juu yake miaka mitano na kuiendeleza, kisha apewe hati. Inafaa kusema wazi ardhi hiyo ilipatikanaje. Ilikuwa nchi ya kuwindia ya Wapawnee, Wacheyenne na mataifa mengine ya wenyeji, na kwa mikataba kama ule wa Medicine Lodge wa mwaka 1867 wenyeji walisukumwa kusini ili nyika ifunguliwe kwa walowezi. Walionyang'anywa uhuru Kentucky walipewa ardhi iliyonyang'anywa wengine Kansas. Historia ya mji huu ina uchungu wa pande zote mbili.

Tarehe 18 Aprili 1877 watu saba waliandikisha kampuni ya kuanzisha mji: Weusi sita na Mzungu mmoja. Rais wa kampuni alikuwa Mchungaji W. H. Smith, Mweusi kutoka Tennessee. Mzungu alikuwa W. R. Hill, mfanyabiashara wa viwanja kutoka Indiana. Jina la Hill tutalikuta tena. Kampuni ilitawanya matangazo Kentucky, ikawaambia Weusi waliotaka kwenda Kansas kwamba safari ya tarehe 5 Septemba 1877 ingewagharimu dola 5.

Kuhusu jina la mji, wengi huwaza mara moja Nikodemo wa Injili ya Yohana, yule aliyemjia Yesu usiku. Huenda kuna ukweli humo, maana waanzilishi walikuwa watu wa kanisa. Lakini matangazo yenyewe yalibeba beti za wimbo uliojulikana sana wakati wa vita, unaomhusu Nicodemus mwingine: mtumwa mzaliwa wa Afrika aliyenunuliwa kwa mfuko wa dhahabu. Kwa hiyo juu ya nyika hiyo liliwekwa jina la Mwafrika, hata kama ni Mwafrika wa wimbo.

Tangazo lilieleza habari za mji, na waliofika hawakuona mji. Willianna Hickman, mke wa mchungaji, alifika majira ya kuchipua ya mwaka 1878. Walishuka garimoshi kituo cha Ellis, surua ikawashika watoto wa msafara na baadhi wakafa, kisha wakaenda kwa magari ya farasi siku mbili kuvuka nyika isiyo na njia. Wanaume walipopaza sauti kwamba Nicodemus ule pale, yeye alitazama asione kitu. Akauliza uko wapi. Mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini hapa na pale: ndiyo Nicodemus. Watu walikuwa wakiishi kwenye mashimo yaliyochimbwa ardhini na kuezekwa kwa matawi na udongo. Miaka mingi baadaye alisimulia kwamba alilia.

Si kwamba walikuwa hawajui kujenga. Nyika ile haina miti isipokuwa kando ya mto Solomon, na mbao zilikuwa za kununua. Walichoma kinyesi cha ng'ombe na mabua ya alizeti. Waliokota mifupa ya nyati waliouawa na wawindaji wakaiuza. Farasi walikuwa watatu tu kwa jamii nzima, hivyo wengi walipasua ardhi kwa jembe la mkono na sepetu, na ile si ardhi laini: mizizi ya nyasi za nyika imesukana kama mkeka. Makumi ya familia zilipoona hali hiyo zilirudi mashariki mara moja. Waliobaki walipitisha majira ya baridi ya kwanza kwa msaada. Wazao wao husimulia kwamba kundi la Waosage waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni liliwagawia nyama. Katikati ya dhiki hiyo, Oktoba 1877, alizaliwa mtoto wa kwanza wa mji, Henry Williams.

Kisha wakasimama. Jenny Fletcher akawa mwalimu wa kwanza na mkuu wa kwanza wa posta, na mumewe Z. T. Fletcher akafungua hoteli. Nyumba za nyasi na udongo zikaota juu ya mashimo, halafu zikaja za mawe ya chokaa. Gazeti la *Western Cyclone* lilianza mwaka 1886 na la pili, *Nicodemus Enterprise*, mwaka 1887. Kijana Edward McCabe, aliyefika mwaka 1878, akawa karani wa kaunti ya Graham, na mwaka 1882 wapigakura wa Kansas nzima, ambao wengi wao walikuwa Wazungu, wakamchagua kuwa mkaguzi wa hesabu za jimbo. Alikuwa miongoni mwa Weusi wa kwanza kabisa kuchaguliwa kwa wadhifa wa ngazi hiyo nje ya majimbo ya Kusini. Miaka mitano baada ya mashimo yenye moshi! Kila ninapofika hapa katika historia hii hunibidi nizihesabu tarehe upya.

Ndipo tunapofika kwenye reli. Katika nyika, mji bila reli ulikuwa kama duka lisilo na mlango. Ngano ni nzito na bei yake ni ndogo. Mkulima anayeisafirisha kwa gari la farasi siku nzima anaimaliza faida njiani. Kwa hiyo miji ilishindana kuzivuta kampuni za reli kwa fedha. Mwaka 1887 wapigakura wa Nicodemus na jirani waliidhinisha hatifungani za dola 16,000, maana yake walikubali kujiingiza katika deni la miaka mingi, ili kampuni ya Missouri Pacific ipitishe njia yake kwao. Makubaliano hayakutimia. Mwaka 1888 Union Pacific ilijenga, lakini ng'ambo ya pili ya mto, kilomita chache kusini-magharibi. Kambi ya wajenzi wa reli ikageuka mji unaoitwa Bogue. Wenye maduka wa Nicodemus wakafungasha. Wengine walihamisha hata majengo yenyewe. McCabe mwenyewe baadaye alielekea Oklahoma, ambako alishiriki kuanzisha mji mwingine wa Weusi, Langston.

Hapo ndipo maelezo ya kawaida huishia. Lakini tuwafuate hao waliohama. Bogue, mji ulioshinda, uliopata reli na maduka ya Nicodemus, leo una watu wasiofika 200. Makao makuu ya kaunti, Hill City, mji ambao yule W. R. Hill aliuanzisha na kuupa jina lake, una watu wapatao 1,400. Kaunti nzima ya Graham ilikuwa na watu zaidi ya 8,000 mwaka 1910. Mwaka 2020 walibaki 2,415. Idadi kubwa ya walioondoka ni Wazungu ambao reli iliwafikia.

Basi reli inaeleza kwa nini Nicodemus haukuwa mji mkubwa wa kaunti hiyo. Haielezi kwa nini kaunti yenyewe ilimwaga watu. Kwa hilo inabidi kutazama zile ekari 160.

Sheria ya 1862 iliandikwa na watu wa mashariki. Kule mvua ni ya kutosha, na ekari 160, kama hekta 65, ni shamba kubwa linaloweza kulisha familia vizuri. Kansas ya magharibi hupata kiasi cha milimita 500 za mvua kwa mwaka, mwaka mwingine pungufu sana, na upepo hukausha sehemu yake kubwa kabla mmea haujainywa. Wakulima walijifunza njia moja ya kuishi na hali hiyo: kuilaza nusu ya ardhi mwaka mzima bila kupanda kitu, ili udongo ukusanye unyevu wa miaka miwili kwa zao moja la ngano. Ni njia ya busara, lakini maana yake ekari 160 huvunwa kama ekari 80. Bunge la Marekani lilikiri kosa mwaka 1909 lilipoongeza ukubwa wa kiwanja hadi ekari 320 katika sehemu kame za magharibi. Wakati huo ardhi ya Graham ilikuwa imekwishagawanywa.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kulikuwa na familia nyingi kuliko ambazo nchi ile ingeweza kuzitunza kwa kilimo cha namna hiyo. Lililozishikilia ni farasi. Mtu mwenye jozi ya farasi hawezi kulima eneo kubwa sana, hivyo ilibidi watu wawe wengi. Trekta ilipoingia, na baada yake mashine za kuvuna, kikwazo hicho kiliondoka. Familia moja iliweza kulima ardhi ya familia nne, kisha kumi. Mwaka wa ukame jirani aliuza, na aliyebaki alinunua, kwa sababu asiponunua asingeweza kulipa mkopo wa trekta. Miaka ya 1930 ilikuja na mdororo wa uchumi na dhoruba za vumbi kwa pamoja, na kazi iliyokuwa ikienda polepole ikaenda kwa kasi. Kila shamba lililomezwa liliondoka na watoto watano au sita wa shule, waumini wa jumapili, wateja wa duka. Ofisi ya posta ya Nicodemus ilifungwa mwaka 1953. Shule ikafungwa baadaye.

Mzigo huo waliubeba wakulima wote wa nyika, ila hawakuubeba sawasawa. Kuendelea kulima katika karne ya 20 kulitegemea mkopo: wa mbegu kila msimu, wa mashine kila baada ya miaka michache, na wa kununua shamba la jirani linapouzwa. Mkulima Mweusi mara nyingi alicheleweshewa mkopo hadi msimu ukapita, au alinyimwa kabisa. Hili halina haja ya kubahatishwa. Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilimaliza nje ya hukumu kesi ya pamoja ya wakulima Weusi dhidi ya Wizara ya Kilimo kuhusu ubaguzi katika mikopo, na malipo yake yalivuka dola bilioni moja. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima Weusi zaidi ya 900,000. Leo hawafiki 50,000. Katika mteremko huo, nashangaa zaidi kwamba Nicodemus bado una ardhi mikononi mwa wazao wa waanzilishi kuliko ninavyoshangaa kwamba watu wake ni wachache. Mmoja wao alikuwa Veryl Switzer, aliyezaliwa hapa mwaka 1932, akawa mchezaji wa nne kuchaguliwa katika usajili wa ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani mwaka 1954, akachezea Green Bay Packers, akafanya kazi chuo kikuu cha Kansas State, na muda wote huo aliendelea kushika shamba la familia hadi alipofariki mwaka 2022.

Turudi sasa kwenye ile 14, maana yenyewe inahitaji maelezo.

Kisheria, Nicodemus si mji wenye mamlaka. Hauna meya, hauna baraza, hauna mpaka uliochorwa na sheria. Kuna kata yenye jina hilohilo inayochukua mashamba ya pande zote, na kuna kitovu chenye nyumba na kanisa. Idara ya sensa hukichorea kitovu hicho mstari wake kwa ajili ya takwimu tu. Ndiyo maana utakuta idadi mbalimbali za watu wa Nicodemus: anayehesabu kata anapata namba moja, anayehesabu kitovu anapata nyingine, na takwimu za miaka ya 1880 zilichanganya vyote kwa sababu wakati ule aliyelima nje ya mji na aliyeuza duka ndani yake walikuwa jamii moja. Mtu akikuambia mji ulishuka kutoka mamia hadi 14, muulize kwanza kama amepima eneo lilelile mara zote mbili.

Jambo la pili ni jipya. Katika sensa ya 2020 idara ilibadilisha kidogo hesabu za maeneo madogo kwa makusudi, ikiongeza mtu hapa na kupunguza pale kwa kanuni za kihisabati, ili mtu asiweze kuzisoma takwimu na kutambua nani anaishi wapi. Jumla ya kila jimbo haikuguswa, lakini chini ya hapo namba zilitikiswa. Monowi, kijiji cha Nebraska, jimbo linalopakana na Kansas kwa kaskazini, kilijulikana duniani kwa kuwa na mkazi mmoja tu. Sensa ya 2020 ikatangaza wawili. Mkazi huyo alisema yuko peke yake kama zamani, na maelezo yakawa ni hayo. Kwa jiji kubwa, mtu mmoja zaidi hana maana. Kwa mahali penye watu 14, mabadiliko ya mtu mmoja au wawili ni sehemu kubwa ya mji. Kwa hiyo 14 isomwe hivi: dazeni moja na kitu.

Na la tatu ni swali lenyewe ambalo sensa huuliza: kwa kawaida unaishi na kulala wapi, ilipofika tarehe 1 Aprili? Kiswahili kina maneno mawili ambayo mtu wa sensa angehitaji hapa, "ninapokaa" na "kwetu". Sensa huuliza la kwanza. Wazao wa Nicodemus wanakaa Denver, Topeka, Kansas City na California, na huko ndiko wanakohesabiwa, kama ipasavyo, kwa sababu huko ndiko wanakohitaji shule na hospitali. Lakini wao ndio waliopigania majengo ya mji yasianguke. Mwaka 1976 Nicodemus ulitambuliwa kuwa alama ya kihistoria ya taifa, na mwezi Novemba 1996 ukawekwa chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa, pamoja na majengo matano: ukumbi wa kata wa mwaka 1939, kanisa la Baptist la mwaka 1907, kanisa la Methodisti la Waafrika, iliyokuwa hoteli ya Fletcher, na shule ya mwaka 1918.

Mwishoni mwa Julai wazao hao hurudi. Sherehe hiyo imefanyika tangu mwaka 1878, na asili yake si uhuru wa watumwa wa Marekani. Inakumbuka tarehe 1 Agosti 1834, siku sheria ya Uingereza ya kukomesha utumwa ilipoanza kutumika katika visiwa vya Karibi. Weusi huru wa Amerika Kaskazini waliiadhimisha siku hiyo kwa miongo mitatu kabla wenzao wa Kusini hawajafunguliwa, na watu wa Kentucky wakaja nayo nyikani. Iliangukia vizuri pia: ngano ya Kansas huvunwa Juni na mwanzoni mwa Julai, kwa hiyo kazi imekwisha na kuna fedha mkononi. Siku hizo kunakuwa na gwaride, ibada, nyama za kuchoma na wazee wakiwaonyesha wajukuu nani alichukua ekari zipi. Watu hufika mamia, ukumbi wa kata hujaa, na magari huegeshwa hadi kwenye nyasi za kando ya barabara. Jumatatu huanza kuondoka kwa barabara namba 24, mengine yakielekea Topeka na Kansas City, mengine magharibi kuelekea Denver, na waliobaki hufunga ukumbi.